Lavenda Nyumbani: Kuinunua, Kuichanganya na Kuitumia kwa Hali ya Hewa ya Visiwani

Mara ya kwanza kuitumia lavenda niliitia motoni. Ndugu yangu alikuwa ametoka safari, akaniletea kichupa cha mililita 10, cha kioo cha rangi ya kahawia, na mie sikuuliza wala sikusoma kilichoandikwa. Kwetu Ng'ambo, mjini Unguja, kitu chenye harufu nzuri ukishakipata njia yake ni chetezo. Nikawasha mkaa, nikaungoja ukaiva na kushika majivu juu, halafu nikadondosha matone kama kumi. Ukaruka ulimi wa moto wa kiasi cha kiganja, ukafuatwa na moshi mkali usio na lavenda ndani yake hata kidogo. Bibi alikuwa ukumbini juu ya mkeka, anachagua mchele. Akanyanyua kichwa: "We mwana we, umetia nini humo? Mafuta ya taa?"

Nilicheka, lakini pazia lilikuwa hatua moja kutoka pale. Sisi Wazanzibari hatuna ujinga wa manukato. Udi na ubani tunavitia motoni, asumini tunaisuka kwenye nywele, vikuba tunavitundika kifuani, mawaridi tunayaweka kwenye mrashi, liwa na dalia tunazipaka mwilini. Kila kimoja kina mahali pake, na hujamwona mtu anayechoma asumini. Lavenda nayo ina mahali pake: mafuta ya nazi, maji ya moto, kitambaa, na zaidi ya yote mkono unaohesabu. Kwenye kuhesabu ndipo tunapoharibu, maana tumezoea kukadiria kwa pua.

Kwanza ujue unanunua nini

Neno lavenda madukani limebandikwa vitu vitatu tofauti. Kuna maua makavu, vijipunje vya zambarau iliyofifia, yanayouzwa kwa pakiti. Kuna mafuta yaliyokenekwa: maua yanapitishwa mvuke, mvuke unapozwa, na mafuta yanaelea juu ya maji yakaenguliwa. Watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu ndiyo kazi inayofanywa kiwandani Wawi, Chake Chake, kwa makonyo ya karafuu na mchaichai. Na kuna marashi, yaani harufu ya kutengenezwa iliyotiwa ndani ya mafuta mengine au spiriti. Haya ya tatu hayana ubaya kwenye nguo, ila usiyategemee kwa chochote kilichoandikwa humu, na ngozini wengine yanawawasha.

Nilishauziwa marashi kwa bei ya mafuta halisi. Duka silitaji, na pengine muuzaji mwenyewe hakujua. Tangu siku hiyo nakagua hivi:

Naangalia jina la kisayansi kwenye lebo. Lavenda ya kutuliza ni *Lavandula angustifolia*. Ukiona *Lavandula x intermedia*, hiyo ni lavandini, chotara mwenye harufu kali zaidi inayokaribia kafuri. Inafaa kufulia na kusafishia sakafu, ila kwa usingizi si chaguo langu. Ikiwa lebo imeandikwa "harufu ya lavenda" tu bila jina la mmea, ichukulie kuwa ni marashi.

Naangalia chupa. Mafuta halisi huwekwa kwenye kioo cheusi au cha kahawia, chupa ndogo, yenye kizuizi mdomoni kinachotoa tone moja moja. Kupata lita moja ya mafuta ya lavenda huhitajika zaidi ya kilo 100 za maua, na sehemu kubwa hulimwa Bulgaria na Ufaransa. Basi ukikuta chupa ya nusu lita kwa bei ya mafuta ya kupikia, jibu unalo.

Nikifika nyumbani nadondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na kuiacha mpaka kesho yake. Mafuta halisi huruka yakaacha alama hafifu au yasiache kitu. Yakibaki na duara la kung'aa kama karatasi ya maandazi, yamechanganywa na mafuta ya kula. Jaribio hili halikamati kila udanganyifu, lakini ule wa kivivu linaukamata.

Usinunue chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua, hata kama ni ya mwisho na umepunguziwa bei. Sababu ni hii: kitu kikubwa kilichomo ndani ya lavenda kinaitwa linaluli, na linaluli ikikutana na hewa na joto kwa muda mrefu inageuka kuwa kitu kinachowasha ngozi. Fukuto letu la kaskazi linaiharakisha kazi hiyo. Ukishafungua chupa, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito, ifunge vizuri kila mara, na iweke kwenye friji au kabati lenye giza. Ikishapita miaka miwili, au harufu ikianza kuchachuka, mafuta hayo yapeleke kwenye ndoo ya kupigia deki, usiyapake tena mwilini.

Mafuta ya kuchanganyia

Mafuta ya lavenda hayapakwi matupu. Utasikia watu wanasema lavenda ni laini, haidhuru. Ni kweli kwamba ni laini kuliko karafuu, lakini ngozi inayopakwa kitu kikali kila siku siku moja itakataa, na ikishakataa haisahau. Kwa hiyo tunachanganya, na visiwani hatuna haja ya kuagiza mafuta ya lozi kutoka mbali wakati minazi imetuzunguka.

Mafuta ya nazi ya dukani yanafaa yakiwa safi na hayajatiwa manukato. Lakini nikipata nafasi nayapika mwenyewe, kwa sababu yale ya nyumbani hayana harufu ya moshi inayoshindana na lavenda. Nachukua nazi tano zilizokomaa, zile zinazolia maji ukizitikisa. Nazikuna kwa mbuzi, nakamua tui zito tu kwa kifumbu na maji ya vuguvugu kidogo. Tui hilo nalilaza kwenye bakuli pana mpaka asubuhi. Juu inajitenga tabaka nene nyeupe, chini yanabaki maji. Naengua lile tabaka, maji namwaga. Kisha naliweka kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa, nakoroga kwa mwiko wa mti. Mwanzo linatokota kama uji. Halafu linaanza kukatika, mafuta yanachungulia pembeni, na sauti inabadilika: ile ya kutokota inakuwa ya kukaangika. Hapo usiondoke jikoni, hata simu ikilia. Mashata, yale masalia ya tui yanayobaki sufuriani, yakianza kugeuka rangi ya majani makavu, epua. Ukiyangoja yawe ya kahawia, mafuta yatanukia nazi ya kuungua na lavenda yako haitasikika. Chuja kwa kitambaa kikavu, yaache yapoe kabisa. Mashata yapeleke kwa watoto na sukari kidogo.

Nazi tano zinatoa kiasi kisichofanana mara mbili, inategemea nazi. Usiweke maji hata tone kwenye chupa utakayohifadhia. Maji ndiyo yanayoyafanya mafuta ya nazi yachache. Asubuhi za kipupwe, mwezi wa Julai hivi, yanaweza kuganda au kupoteza ung'avu wake. Si kuharibika. Yaweke juani dakika chache.

Hesabu ya matone

Mililita moja ya mafuta ya lavenda ni takriban matone 20, kwa hiyo kile kichupa cha mililita 10 kina matone 200 hivi. Kijiko cha chai ni mililita 5. Kwa vipimo hivyo:

- Mwili wa mtu mzima: matone 2 kwa kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi. Hii ni kama asilimia mbili.
- Uso, shingo, na mtu mwenye ngozi nyepesi kuwashwa: tone 1 kwa kijiko kimoja.
- Mtoto wa miaka miwili hadi sita: tone 1 kwa vijiko viwili, mara mojamoja. Chini ya miaka miwili usipake kitu.
- Ukitaka kuweka akiba: matone 12 kwenye mililita 30, ambazo ni vijiko sita vya chai. Tikisa, andika tarehe, tumia ndani ya miezi mitatu.

Usiongeze tone kwa sababu husikii harufu. Pua huzoea baada ya dakika chache, lakini anayeingia kutoka nje anasikia vizuri sana. Muulize yeye.

Kabla ya kuyatumia mara ya kwanza, paka kiasi kidogo cha mchanganyiko ndani ya kiwiko, usioshe, ngoja saa 24. Ukiona wekundu au vipele, au ukahisi kuwaka, acha. Bibi hili alilikataa kwa kusema yeye amejipaka kila kitu tangu usichana. Nikampaka kwa hila kidogo, kwa kusingizia namkanda mkono, na mkono ukawa salama.

Na kanuni moja isiyo na mjadala: haya mafuta hayanywewi. Wala tone kwenye chai, wala kwenye asali. Ujerumani kuna vidonge vya mafuta ya lavenda vya miligramu 80 vinavyotumiwa na wenye wasiwasi, na vimefanyiwa majaribio, lakini hiyo ni dawa iliyopimwa na kufungwa kiwandani, haifanani na kichupa chako cha kabatini. Mtoto akimeza, usimtapishe. Chukua chupa yenyewe mkononi na umkimbize hospitali.

Usingizi, ambao ndio wengi wanaoutaka

Nianze kwa kusema ukweli wa kitu hiki. Tafiti za kunusa lavenda zipo, nyingi ni ndogo, na zinaelekea upande mmoja: inasaidia kidogo wasiwasi na usingizi mwepesi. Inasaidia, haimlazi mtu kama sindano. Mwenye usingizi mbovu kwa sababu anakunywa kahawa barazani mpaka saa nne za usiku, aanze na kahawa.

Ninavyofanya mie, usiku wa kaskazi ambapo feni inasukuma joto tu, ni hivi. Saa moja kabla ya kulala naweka maji ya vuguvugu kwenye beseni, yafike vifundoni. Kwenye kijiko cha mafuta ya nazi nachanganya matone 3 ya lavenda na chumvi kidogo, nakoroga, ndipo namwaga beseni. Mafuta ya lavenda hayayeyuki kwenye maji. Ukiyadondosha yenyewe yanaelea juu na kuganda kwenye ngozi yakiwa makali vilevile. Naloweka miguu dakika kumi na tano. Nikiitoa, nafuta sakafu kabla ya kitu kingine, kwa sababu sakimu yenye mafuta ya nazi ni mtego, na nyumbani kuna mzee.

Kisha naikanda miguu. Hapa sina haraka. Nachukua ule mchanganyiko wa matone mawili kwa kijiko, nausugua kwanza kati ya viganja mpaka upate joto, naanza na unyayo kwa gumba, kutoka kisigino kwenda kwenye vidole, polepole, mara saba au nane. Halafu nalivuta dole moja moja, taratibu, bila kulipiga mlio. Namalizia na kifundo kwa mzunguko. Mguu mmoja dakika tano. Bibi namfanyia hivi siku za Ijumaa, na mara nyingi sijafika mguu wa pili nasikia pumzi imebadilika. Kama ni lavenda au ni kukandwa na mjukuu, hilo sijalitenganisha wala sina haja.

Kitandani, tone moja kwenye kitambaa cha pamba au pamba ya famasi, ukiweke chini ya foronya upande wa pembeni, si usawa wa pua. Usidondoshe kwenye chandarua. Chandarua chenye dawa kina kazi yake ya mbu, na mafuta yanaweza kuivuruga. Na kwa kuwa tumetaja mbu: lavenda haichukui nafasi ya chandarua. Mbu wengine wataikwepa kwa nusu saa, kisha watarudi.

Vile vifaa vya umeme vya kutoa mvuke wenye harufu vinafaa umeme ukiwepo. Matone matatu hadi manne kwenye maji, dakika thelathini, dirisha wazi, kisha zima. Usilale kikifanya kazi usiku kucha. Umeme ukikatika, bakuli la maji ya moto lenye matone mawili likiwekwa mahali palipoinuka, mbali na watoto, linafanya kazi ileile na halihitaji kununua umeme wa Tukuza.

Kichwa, mafua, misuli, tumbo la mwezi

Kichwa cha uchovu, kile kinachoanzia shingoni baada ya siku ya kuinamia cherehani au kompyuta: kunywa maji kwanza. Kisha chovya ncha ya kidole kwenye mchanganyiko wa tone moja kwa kijiko, sugua kwenye panja zote mbili na nyuma ya shingo, funga macho, kaa gizani robo saa. Osha mikono kabla ya kugusa macho. Yakiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi.

Mafua na kifua kizito: wengi tumekua na kujifukiza, umefunikwa shuka juu ya sufuria ya majani. Kwa lavenda fanya upole zaidi. Maji yaliyochemka yamwage kwenye bakuli zito, yangoje dakika mbili, tia matone mawili tu, funika kichwa kwa taulo, macho yafungwe, vuta pumzi dakika tano. Ukihisi kubanwa, toka. Mwenye pumu asifanye. Watoto wadogo wasifanye kabisa. Hapo hatari ni maji yenyewe, na wanaoungua kwa bakuli la kujifukizia si hadithi ya kutungwa.

Misuli ya mgongo baada ya kufua au kuvuna mwani: mchanganyiko wa matone mawili kwa kijiko, kanda, kisha weka juu kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa. Tumbo la siku za mwezi ni vilevile, kanda chini ya kitovu kwa mzunguko, kisha kitambaa cha moto. Wengi wananiambia ule umoto peke yake ni nusu ya nafuu, na nawaamini.

Kuungua jikoni: hapa nataka kusema kwa sauti. Ukiungua, weka mahali hapo chini ya maji baridi yanayotiririka dakika 20. Si lavenda, si dawa ya meno, si asali. Mafuta yoyote juu ya mahali palipoungua yanazuia joto lisitoke. Kidonda kikifunga na ngozi ikarudi, siku za baadaye, unaweza kupaka mchanganyiko mwepesi kulainisha. Malengelenge makubwa, au mtoto, au usoni, nenda hospitali.

Chai ya maua makavu ni jambo dogo: kijiko kimoja cha chai cha maua kwenye kikombe cha maji ya moto, funika dakika tano hadi saba, chuja. Ikizidi hapo inakuwa chungu na kukumbusha sabuni. Hakikisha maua ni ya kuliwa, maana yale ya mapambo huenda yamepuliziwa dawa. Mie huongeza majani mawili ya mchaichai, na kusema kweli mchaichai ndio unaoibeba chai hiyo.

Nani asitumie, au aulize kwanza

Mjamzito, hasa miezi mitatu ya mwanzo, amuulize daktari au mkunga. Anayetumia dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi naye aulize, kwa sababu viwili hivyo vinaweza kuongezana. Mwenye kifafa aziepuke zile lavenda zenye kafuri nyingi. Nyumba yenye paka isimfungie chumbani na kifaa cha mvuke. Paka hawezi kuyasaga mafuta haya mwilini kama sisi, na Mji Mkongwe kila nyumba ina paka hata kama haina.

Kwa watoto wa kiume kuna mjadala. Mwaka 2007 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu watoto watatu walioota matiti, waliokuwa wakitumia bidhaa za ngozi na nywele zenye lavenda, mmoja wao pamoja na mafuta ya mti wa chai, na matiti yakapungua walipoacha. Wataalamu wengine wamelipinga hitimisho hilo. Mie si wa kumwamulia mtu, ila sioni sababu ya kumpaka mtoto lavenda kila siku.

Na kuna maumivu yasiyopelekwa kwenye beseni. Kichwa kilichokuja ghafla kama kupigwa, homa, kifua kubana, usingizi uliokosekana wiki nne mfululizo, huzuni isiyoondoka: hayo ni ya daktari.

Kuipanda visiwani

Nimeua mimea miwili. Wa kwanza niliumwagilia kila jioni kama mrehani, ukaoza mizizi. Wa pili niliuacha uani masika yote, nao ukafa umesimama, majani ya kijivu juu na shina jeusi chini. Lavenda ni mmea wa milima mikavu ya Mediterania, na Unguja ni kisiwa kisicho na milima. Kinachoiua hapa ni unyevu zaidi kuliko joto.

Wa tatu unaishi. Huu ni *Lavandula dentata*, yenye majani yaliyochongoka pembeni kama msumeno, inayovumilia hali yetu kuliko ile ya angustifolia, ingawa harufu yake ina ukali wa kafuri. Nimeupanda kwenye chungu cha udongo kilichotobolewa chini. Nusu ni mchanga uliooshwa chumvi, robo udongo, robo vipande vya mawe ya chokaa vilivyopondwa, vile vinavyobaki fundi akimaliza kazi. Lavenda inapenda chokaa, na chokaa ndiyo ardhi ya nusu ya kisiwa hiki. Usitie samadi. Panda mwezi wa Juni, masika yakishaondoka, ili kipupwe kiulee. Jua saa sita kwa siku, chini ya upenu usipofika mvua, mahali penye upepo. Maji pale tu kidole kikiingia udongoni na kutoka kikavu. Baada ya maua kata thuluthi ya juu, usikate mpaka kwenye mti mkavu wa chini, hautachipua tena.

Maua yakaushe kivulini kwenye upepo, mafungu madogo yaliyoning'inizwa kichwa chini. Juani yanakauka upesi, ila na harufu inaondoka nayo.

Kama hujaipata lavenda

Wete au Mkoani unaweza kuzunguka siku nzima usiione. Usihuzunike. Ile linaluli niliyoitaja imo pia kwenye mrehani na kwenye langilangi, ndiyo maana ukinusa lavenda mara ya kwanza kuna kitu unakifahamu na hukijui jina.

Chuma maua ya langilangi yaliyogeuka manjano, yaanike kivulini siku moja mpaka yanyauke na maji yapungue, yaloweke kwenye mafuta ya nazi ndani ya chupa pana siku tatu, chuja, rudia na maua mapya mara mbili. Hayo ni mepesi, hayahitaji kuhesabiwa matone, na yanafaa kukandia miguu kama nilivyoeleza juu. Ukinunua yale ya langilangi yaliyokenekwa, tone moja kwa kijiko linatosha. Yakizidi yanaleta kichwa badala ya kukiondoa. Mafuta ya karafuu ni jambo jingine: yana kwa wingi kitu kikali kiitwacho eujenoli, yanaunguza ngozi, na mtoto akiyameza ni hatari kubwa. Tone moja kwa vijiko viwili, misuli tu, usoni kamwe.

Vifuko vya kabatini

Maua makavu vijiko viwili vya kulia, punje tano za karafuu, na mchele mkavu kijiko kimoja wa kunyonya unyevu. Shona kifuko kwa kipande cha kanga chakavu, kile laini kilichofuliwa miaka, weka kati ya nguo. Nondo hawaipendi harufu hiyo. Masika kitoe kila wiki mbili ukipige upepo juani nusu saa, la sivyo maua yataota ukungu na doa lake litahamia kwenye nguo ya harusi. Harufu ikififia, kibinye kwanza kwa vidole. Vijipunje vikivunjika hutoa tena iliyobaki. Ikikataa kabisa, fungua kifuko na hapo ndipo chetezo kinapopata haki yake: subiri udi umalizike na mkaa umelegea, nyunyiza hayo maua kidogo juu ya majivu. Mafuta hayamo tena, kwa hiyo hakuna moto wa kuruka. Bibi anasema inanukia kama nyasi za shambani Januari, na hilo kwake ni sifa.